Njaa ya Ndege: kikosi cha 30, Islii, na mahindi yaliyotoka juu

Wasee, kama umewahi kupanda nambari 6 ama 9 ukaenda Islii kutafuta viatu, mapazia ama suti ya harusi ya binamu, basi umepita karibu kabisa na mahali story ya leo ilitokea. Nyuma ya zile mall na kelele za wauzaji kuna ukuta, na nyuma ya ukuta kuna kambi ya wanahewa. Wengi wetu tunaijua kwa sababu moja tu: huruhusiwi kupiga picha. Mimi pia nilikuwa hivyo hadi susu yangu akanifungua macho bila hata kujua.

Ilikuwa hivi. Nilimsindikiza ofisi fulani kurekebisha makaratasi. Kijana aliyekuwa kwenye kompyuta akamuuliza kifungua mimba wake alizaliwa mwaka gani. Susu akajibu hapo hapo, bila kukuna kichwa: "Yua ya Ndeke." Yule kijana akaangalia skrini kama mtu anayetafuta mahali pa kubonyeza. Mimi mwenyewe sikuelewa, na mimi ni Mkamba, aibu yangu. Mzee mmoja kwenye foleni nyuma yetu ndiye aliyetuokoa: "Andika 1961."

Yua ni njaa. Ndeke ni ndege. Njaa ya Ndege.

Kama hujui, Wakamba tuna kalenda ya njaa. Kila njaa kubwa ina jina, na jina linakwambia kile watu walichokumbuka zaidi. Ile ya miaka ya 1980 inaitwa Nikwa Ngwete, yaani nakufa huku nimeshika, na kilichoshikwa ni pesa. Watu walikuwa na hela mkononi lakini dukani hakuna unga. Ile ya 1961 ikapewa jina la ndege kwa sababu chakula kilikuja kikianguka kutoka angani. Sasa mimi nikajiuliza swali la kitoto kabisa: ndege za nani? Zilitoka wapi? Na nikaanza kuchimba. Nikajikuta Islii, halafu Iraq, halafu Berlin, halafu nikarudi tena Kitui. Kaa chini.

Ndege hizo zilikuwa za aina kadhaa na za vikosi tofauti, lakini mojawapo ya vikosi vikubwa vya kubeba mizigo vilivyokuwa Islii wakati huo kilikuwa skwodroni namba 30 ya jeshi la anga la Uingereza, RAF. Na hiki kikosi kina historia ya ajabu sana na chakula.

Kilianza mwaka 1914, vita kuu ya kwanza ikiwa bado mbichi, kama kundi dogo la ndege lililotumwa Misri kulinda mfereji wa Suez. Mwaka uliofuata kikapewa namba 30 na kikajikuta Mesopotamia, ile tunaita Iraq leo, kikipigana na Waturuki wa Ottoman. Huko kuna mji unaitwa Kut, uko kwenye kona ya mto Tigris, maji karibu pande zote. Mwezi wa Desemba 1915 jeshi la Jenerali Townshend, na wengi humo ndani walikuwa Wahindi, lilizingirwa hapo. Hakuna kuingia, hakuna kutoka. Uingereza ilijaribu kuwafikia kwa nchi kavu mara kadhaa, na katika majaribio hayo zaidi ya watu 20,000 waliuawa ama kujeruhiwa. Ndani ya mji watu wakaanza kula farasi. Wahindi wengi wakakataa nyama hiyo kwa sababu ya imani zao, wakazidi kudhoofika.

Ndipo Aprili 1916 mtu akasema, mbona tusiwarushie chakula kutoka juu?

Leo hiyo inasikika kawaida. Tumeiona kwa habari mara mia. Lakini wakati huo ndege ilikuwa mbao, waya na kitambaa, na injini yake ilikuwa na nguvu ndogo kuliko ya gari ambalo jirani yako ameegesha hapo nje. Marubani wa skwodroni ya 30, pamoja na wenzao wa jeshi la majini waliokuwa na ndege za kutua majini, wakafunga magunia chini ya mabawa na kando ya ndege, wakaruka, wakakata kamba. Magunia mengine yalianguka mtoni. Mengine yakaangukia Waturuki, ambao sidhani walilalamika. Waliwahi hata kurusha mawe ya kusagia, kwa sababu watu wa Kut walikuwa na nafaka kidogo lakini hawana cha kuisagia. Hebu fikiria: jiwe la kusagia, kwa ndege ya kitambaa, mwaka 1916.

Inatajwa mara nyingi kama mara ya kwanza katika historia jeshi lililozingirwa kulishwa kutoka angani. Na ilifeli. Kwa wiki mbili hivi zilishuka kama kilo 8,600. Waliokuwa wakingoja hapo chini, ukihesabu wale tu waliojisalimisha mwishowe, walikuwa kama 13,000. Piga hesabu mwenyewe: haifiki gramu 50 kwa mtu kwa siku, yaani ngumi moja ya unga. Tarehe 29 Aprili 1916 Townshend akasalimu amri, na maelfu ya askari wake wakafia njiani na kifungoni. (Kabla ya hapo Waingereza walikuwa wamejaribu pia kuwanunua Waturuki kwa pauni milioni mbili. T. E. Lawrence, yule wa sinema, alikuwa kwenye ujumbe uliopeleka ofa hiyo. Walikataliwa.)

Nembo ya kikosi hiki hadi leo ina mtende, ule mti wa tende wa kule Iraq. Na kaulimbiu yake ni ya Kifaransa, Ventre à terre, maana yake tumbo likigusa ardhi. Inasemwa kuhusu farasi anayekimbia kasi mpaka tumbo linakaribia kulamba vumbi. Lakini ukishajua story ya Kut, hilo neno tumbo linakaa na wewe vibaya.

Sitawadanganya kwamba walikuwa malaika wa chakula. Baada ya vita, Uingereza iliamua kuitawala Iraq kwa ndege kwa sababu ilikuwa bei rahisi kuliko kuweka askari wengi chini. Kijiji kikikataa amri ama kodi, kinaweza kupigwa bomu. Skwodroni ya 30 ilikaa Iraq miaka yote hiyo. Vita ya pili ikaja, kikosi kikawa cha kivita kabisa, kikapigana Ugiriki, Sri Lanka, Burma. Hayo nayaruka, kuna watu wa kuyasimulia na wanayapenda kuliko mimi. Turudi kwenye mizigo. Mwaka 1947 kikaundwa upya kikiwa na ndege za Dakota, na mwaka uliofuata Wasovieti wakafunga barabara zote za kuingia Berlin magharibi. Ndege za Dakota za kikosi hiki zikawa kwenye ule msururu wa ndege uliolisha jiji zima, zikishirikiana na za Marekani na vikosi vingine vingi. Jumla ya tani milioni 2 na zaidi, nyingi zikiwa makaa ya mawe. Kutoka gramu 50 za Kut hadi jiji zima kuota moto wakati wa baridi, na ni miaka 32 tu imepita.

Sasa njoo Islii.

Uwanja wa Eastleigh ndio uliokuwa uwanja wa ndege wa Nairobi kabla Embakasi kufunguliwa mwaka 1958. Na Embakasi yenyewe, msisahau, ilijengwa kwa jasho la wafungwa wa Mau Mau. Islii ikabaki kambi ya RAF. Miaka michache kabla ya hapo, kati ya 1953 na 1955, ndege za mabomu aina ya Lincoln zilikuwa zikiruka kutoka hapo kwenda Aberdare na Mlima Kenya kupiga msitu ambamo wapiganaji wetu walikuwa. Kwa hivyo mzee wa Nyeri na mzee wa Kitui wakisikia neno ndege, hawasikii kitu kimoja, na uwanja ulikuwa ule ule.

Skwodroni ya 30 ilihamia hapo 1959 ikiwa na ndege inaitwa Beverley. Manze, tafuta picha yake. Ni kama mtu alichukua ghorofa akaipachika mabawa. Urefu wa kwenda juu karibu mita 12, mabawa mita 49 kutoka ncha hadi ncha, injini nne za mapanga. Magurudumu yake hayakunjiki, yananing'inia tu muda wote kama miguu ya mtoto kwenye kiti kirefu. Ilibeba askari 94, yaani karibu mathree tatu za watu 33 zikiwa zimejaa. Kasi yake ya kawaida ilikuwa kama kilomita 280 kwa saa, na kwa ndege hiyo ni polepole kweli. Lakini ilikuwa na kipaji kimoja: ilitua kwenye uwanja mfupi wa vumbi bila wasiwasi. RAF ilinunua 47 pekee.

Na kuna hii, samahani kama unakula. Choo chake kilikuwa mkiani, na ili ufike ama utoke unapita juu ya mlango wa sakafuni ambao askari wa parachuti walitumia kuruka. Mwanajeshi mmoja alitoka chooni ndege ikiwa imeegeshwa, hakuona kwamba mlango umefunguliwa, akaanguka hadi chini kama mita sita. Alikufa. Kila nikisoma kuhusu Beverley hiyo story inarudi.

Mwaka 1961 ulikuwa mwaka wa kila kitu kwa pamoja. KANU ilikuwa imeshinda uchaguzi Februari na kukataa kuunda serikali kabla Mzee Kenyatta hajaachiliwa. Julai, askari wa Uingereza waliokuwa Kenya wakapelekwa Kuwait haraka kwa sababu Iraq ilikuwa inatishia kuimeza, na Beverley zikawa kazini huko. Yaani kikosi cha mtende kikarudi kunusa Iraq tena, miaka 45 baada ya Kut. Agosti, Kenyatta akawa huru. Na wakati hayo yote yanaendelea, Ukambani, Umasaini na kwingineko ukame ulikuwa umekausha kila kitu.

Halafu ikanyesha. Na haikunyesha kidogo. Mvua ya mwishoni mwa 1961 ni ile ambayo wazee wanalinganisha nayo kila mafuriko yanayokuja. Ziwa Victoria lilianza kupanda na ndani ya miaka michache likawa limepanda zaidi ya mita mbili. Mto Tana ukatoka kitandani. Madaraja yakaenda, barabara zikawa tope. Hapo ndipo watu waliokuwa na njaa ya ukame wakapata njaa ya maji: chakula kipo, sehemu yake msaada kutoka Marekani, lakini lori haliwezi kufika.

Kwa hivyo ndege. Zile ndogo za Twin Pioneer za skwodroni ya 21, pia ya Islii, ziliweza kutua karibu kila mahali. Beverley ndizo zilibeba uzito. Na kurusha mahindi si kufungua mlango na kusukuma. Kwanza, ile milango mikubwa ya nyuma ya Beverley haikuweza kufunguliwa hewani. Ilibidi ing'olewe kabisa chini, halafu ndege iruke nyuma ikiwa wazi kama duka. Pili, gunia la kawaida likianguka bila parachuti linapasuka na mahindi yanatawanyika porini. Kwa hivyo unajaza gunia nusunusu, unalitia ndani ya lingine kubwa zaidi. La ndani likipasuka, la nje linashika. Rubani anashuka chini sana, anapunguza mwendo, na wale wa nyuma, waliofungwa kamba ili wasifuate mzigo, wanasukuma wakipewa ishara. Halafu anazunguka na kurudia. Na huko chini lazima kuwe na mtu wa kufukuza watoto kutoka mahali pa kuangukia, kwa sababu gunia la kilo nyingi likitoka juu kwa mwendo huo halijui mtoto na jiwe.

Nikiongelea hii kitu, huwa kuna kambi mbili. Ya kwanza inaniambia: unaona, wakoloni walitulisha, semeni asante. Ya pili inaniambia: hao walikuwa wanajisafisha jina kabla waondoke, acha kuwapigia debe.

Mimi sikubaliani na yeyote kati yao kikamilifu. Yule kijana aliyekuwa amefungwa kamba nyuma ya Beverley akisukuma mahindi, simchukii. Alifanya kazi ngumu na watu wakala, na kifungua mimba wa susu yangu aliishi mwaka huo. Kwa hilo nitasema asante bila kusukumwa. Lakini swali langu ni la kabla ya ndege. Mbona Ukambani walikuwa hawana akiba? Ukisoma historia kidogo nyuma unakutana na mwaka 1938, serikali ya koloni ikichukua ng'ombe wa Wakamba kwa nguvu na kuwauza bei ya kutupa, kwa madai kwamba ni wengi sana wanaharibu udongo. Udongo wenyewe ulikuwa umechoka kwa sababu watu walikuwa wamebanwa kwenye rizavu huku nyanda nzuri zikiandikwa jina la walowezi. Muindi Mbingu akawaongoza watu kuandamana hadi Nairobi wakitaka ng'ombe wao. Walifanikiwa kwa sehemu, lakini yeye akapelekwa kizuizini Lamu. Leo tunapita barabara yake tukienda City Market kununua samaki na hatujiulizi. Ng'ombe kwa Mkamba alikuwa ndiyo benki. Ukivunja benki ya mtu kisha umrushie gunia la mahindi miaka 23 baadaye, gunia ni la kweli, na benki pia ilikuwa ya kweli. Nakataa kuchagua moja.

Kuna kitu kingine kinanisumbua. Upande wa jeshi kila kitu kimeandikwa: ndege ziliruka mara ngapi, zilibeba uzito gani, rubani alikuwa nani. Wana nembo, wana chama cha wastaafu, wana Beverley moja nzima iliyohifadhiwa Uingereza. Upande wetu tuna maneno matatu, Yua ya Ndeke. Hakuna jumba la makumbusho linalokuonyesha gunia mbili za kuingiliana. Na waliokuwa watu wazima 1961 sasa wanahesabika kwa vidole kila kijijini.

Uhuru ulipokuja mambo yalienda mbio. Januari 1964 wanajeshi waliasi Tanganyika, Uganda na hapa kwetu Lanet, na serikali zote tatu, changa vile zilikuwa, zikaita Waingereza wale wale kuja kutuliza. Juni mosi 1964 Kenya ikaunda jeshi lake la anga, likaanzia Islii, na upande wa usafirishaji likaanza na ndege ndogo za Beaver, kisha Caribou, kisha Buffalo miaka ya 70. Mwaka huo huo wa 1964 skwodroni ya 30 ikafunga virago ikahamia Muharraq, Bahrain. Beverley zikastaafishwa 1967, kikosi kikapewa Hercules mwaka uliofuata, na kuanzia 1971 kikakaa Lyneham, Uingereza. Ni kutoka kambi hiyo ndipo Hercules zilienda Ethiopia 1984 na 1985 kurusha nafaka milimani bila parachuti, zikipita chini chini kabisa. Hercules nazo ziliondoka jeshini 2023. Skwodroni ya 30 leo inarusha ndege inaitwa Atlas, na mtende bado uko kwenye nembo.

Islii nayo ikaendelea na mambo yake. Agosti mosi 1982 ilikuwa moja ya sehemu ambapo wanahewa walijaribu kupindua serikali, jeshi la anga likavunjwa na kubadilishwa jina kwa miaka kumi na kitu, na hiyo nayo ni story ya siku yake. Mtaa ukajaa, biashara zikapanda ghorofa juu ya ghorofa, ukuta ukabaki.

Wiki iliyopita nilimwonyesha susu picha ya Beverley kwa simu. Sikumwambia ni nini. Akachukua miwani yake, akaikuza kwa vidole viwili vile nilimfundisha, akasogeza hadi sehemu ya chini ya ndege na kukaa hapo muda mrefu. Nikamuuliza anaangalia nini.

"Miguu," akasema. "Ile yetu pia ilikuwa kubwa hivi, na ilikuwa haikunji miguu. Tulikuwa tunasema inataka kutua na inaogopa."